Sura ya 38 na Sura ya 39

Zumari lilianza kulia nje, mlango ukiwa bado umefungwa. Tuliokuwa ndani tukasimama. Akaingia mpigaji, ameubana mfuko wa ngozi chini ya kwapa, na nyuma yake wakafuata wanaume kwa wanawake, kila mmoja ameinua mti wenye kitambaa cha mirabamiraba: chekundu, kijani, buluu, njano. Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Novemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, katika parishi moja ya Kanisa la Kiepiskopali nchini Marekani. Vitambaa vikafikishwa mbele ya madhabahu. Padri akanyoosha mkono, akavibariki pamoja na koo zinazovivaa. Mimi nilibatizwa Kianglikana upande wa Tanga, nikakulia katika ubani na kengele, lakini baraka ya namna hiyo sikuwahi kuiona. Ilitoka wapi?

Karatasi ya ibada ilikuwa na jibu tayari. Ilisema kwamba baada ya waasi kushindwa katika vita vya Culloden, Aprili 1746, serikali ya London ilipiga marufuku tartani, kitambaa cha watu wa Hailandi, nchi ya milima ya Uskoti. Basi watu wakaficha kipande kidogo ndani ya nguo, wakaenda nacho kanisani. Padri alipofika kwenye baraka, kila mmoja alikigusa kipande chake kimyakimya, na kitambaa kikabarikiwa askari wasijue. Ibada hiyo huitwa Kirkin' o' the Tartan, yaani kuipeleka tartani kanisani. Chini yake palikuwa na sentensi ya pili: kanisa letu ni mtoto wa Uskoti. Madai mawili, ukurasa mmoja. Je, yote mawili yanasimama?

Baada ya ibada tulishuka ukumbini kunywa kahawa na biskuti za siagi. Nikakaa na mzee mmoja kutoka Kenya, mwenyeji wa Kikuyu, ambaye alinitazama kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, Waskoti tunawajua sisi. Ndio waliotujengea misheni ya Thogoto. Hata hilo jina Thogoto ni 'Scot' katika kinywa cha Mkikuyu. Lakini Waskoti ni Wapresbiteri, mzee wangu, hawana maaskofu. Hawa wenye askofu wanaidaije Uskoti?" Shaka yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Misheni ya Waskoti ilifika Kikuyu mwaka 1898, na ni hapohapo, mwaka 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walipokutana na kushiriki meza moja ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda wakiwemo. Askofu wa Zanzibar akapinga, na shauri likafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Lililobishaniwa lilikuwa hilohilo: kanisa bila askofu ni kanisa kamili? Kama Waskoti wa Thogoto hawakuwa na maaskofu, waliokuwa nao walikwenda wapi?

Nilianza na kitambaa, kwa sababu kitambaa kina sheria, na sheria husomeka. Ni ya mwaka 1746, mwaka wa 19 wa utawala wa Mfalme George II, Sura ya 39. Kifungu cha mavazi kilianza kutumika Agosti 1747. Kinataja wanaume na wavulana. Kinakataza kilti, shuka la Kihailandi, suruali yao ya kubana, na makoti ya tartani. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa ng'ambo kwenye makoloni kwa miaka saba. Nilikisoma mara tatu. Wanawake hawamo. Askari wa mfalme wanaruhusiwa waziwazi. Na kinachokatazwa ni kuvaa. Kipande cha kitambaa mfukoni hakigusiwi kabisa. Basi kwa nini mtu akifiche kitu ambacho mkewe angeweza kukivaa mabegani mchana kweupe?

Labda watu waliogopa kuliko sheria ilivyodai. Hilo hutokea popote penye askari. Nikatafuta shahidi wa wakati ule. Mwandishi Samuel Johnson alizunguka Hailandi mwaka 1773, sheria ikiwa bado ipo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1775. Alidodosa kila kitu: chakula, nyumba, lugha, hata watu waliosemekana kuona mambo kabla hayajatokea. Sheria ya mavazi aliitaja, akaandika kwamba alimwona bwana mmoja tu aliyelivaa vazi la kale kikamilifu. Kuhusu vitambaa vya kufichwa kanisani, hakuna neno. Kimya cha msafiri mmoja hakivunji simulizi, nakubali. Lakini ilinibidi niulize jambo jingine: hivyo vitambaa vya koo nilivyoviona vikipandishwa mbele ya madhabahu, mwaka 1747 vilikuwepo?

Hapa njia ilikatika vibaya. Kiwanda kikubwa cha tartani cha Wilsons, kule Bannockburn, kiliuza mitindo yake mingi kwa namba kabla ya majina. Mwaka 1815 chama cha Wahailandi wa London kilianza kuwaomba wakuu wa koo wawasilishe sampuli za tartani zao. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na kila bwana akahangaika kupata mirabamiraba ya kuvaa. Mpango wa ukoo mmoja, tartani moja ulikomaa katika karne ya 19, baada ya marufuku kufutwa. Babu wa mwaka 1747 alikuwa na tartani, ndiyo, lakini ilikuwa ya mfumaji wa kijijini kwake na ya rangi zilizopatikana. Tena kuna neno lenyewe, "kirk". Kwa Mskoti neno hilo hasa ni kanisa la Kipresbiteri, lililokuwa kanisa rasmi la nchi, na wachungaji wake wengi walikuwa upande wa Mfalme George. Waliomwunga mkono mwana wa mfalme Charles Edward Stuart katika uasi wake wa mwaka 1745 wengi walikuwa Waepiskopali, pamoja na Wakatoliki. Mchungaji wa kirk angebariki vipi, hata bila kujua, nguo ya waasi aliowahubiria dhidi yao?

Nikaifuata ibada kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Njia iliishia Washington, mwaka 1941. Peter Marshall, mchungaji wa Kipresbiteri aliyezaliwa Coatbridge, Uskoti, mwaka 1902 na kuhamia Marekani mwaka 1927, aliendesha ibada za namna hiyo katika Kanisa la New York Avenue. Ulaya ilikuwa inawaka, Uingereza inapigwa mabomu, na Waskoti wa Marekani walikuwa wanachangishana kwa ajili ya nyumbani. Miaka ya 1950 ibada ikahamia Kanisa Kuu la Washington, la Kiepiskopali, na kutoka hapo ikaenea. Uamuzi wangu juu ya dai la kwanza ni huu: ibada ni ya kweli, imezaliwa na majonzi ya kweli ya watu walio mbali na kwao, na umri wake haujafika miaka mia moja. Maelezo yake ya karne ya 18 hayana miguu. Nilikaribia kufunga daftari. Lakini je, hakuna hata Mskoti mmoja aliyewahi kuficha kitambaa?

Yupo. Nilimpata mahali ambapo sikumtarajia, katika maandishi ya padri wa Kiepiskopali. Robert Forbes alikuwa padri wa Leith, bandari ya Edinburgh. Septemba 1745 alikamatwa akiwa njiani kwenda kujiunga na Charles Edward, na akakaa gerezani hadi Mei 1746. Alipotoka, alijipa kazi ya kukusanya ushuhuda wa walioshindwa: barua, maneno ya mwisho ya walionyongwa, simulizi za waliomficha mwana wa mfalme. Akaviandika vyote kwa mkono katika vitabu kumi vyenye ukingo mweusi wa msiba, akaviita The Lyon in Mourning, simba aombolezaye. Aliwahoji watu mmoja mmoja, akawarudia, akalinganisha walichosema. Havikuchapishwa kikamilifu hadi mwaka 1895 na 1896, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Na ndani ya majalada ya vitabu hivyo alibandika nini?

Alibandika vipande vya nguo. Kuna kipande cha gauni ambalo Charles Edward alilivaa alipotoroka akijifanya kijakazi. Kuna kipande cha kizibao pia, na habari zake Forbes aliziandika kwa ukamilifu. Kizibao hicho kilikuwa sehemu ya vazi la Kihailandi ambalo mwana wa mfalme alipewa alipolivua gauni. Baadaye akabadilishana vizibao na Malcolm MacLeod wa Raasay, aliyekuwa akimsindikiza, kwa sababu chake kilikuwa kizuri mno kwa mtu anayejifanya mtumishi. MacLeod alipoona atakamatwa, alikichomeka kizibao kwenye ufa wa mwamba. Akakamatwa, akapelekwa London, akaachiwa. Aliporudi kwao mwaka 1747 alikwenda moja kwa moja kwenye mwamba ule. Nguo ilikuwa imeoza. Kilichobaki kilizidi kidogo tu ukubwa wa kiganja cha mkono, pamoja na vifungo viwili. Hicho ndicho alichokitoa, na padri akakihifadhi. Nilisoma sehemu hiyo usiku, nikaisoma tena asubuhi. Kitambaa kilichofichwa kipo, kina mwenyewe, kina mahali na mwaka. Hakikufichwa kwa ajili ya baraka wala kwa hofu ya sheria ya mavazi. Kilifichwa kwa hofu ya kukamatwa na nguo ya mwana wa mfalme aliyeshindwa. Mbona basi kilikabidhiwa kwa padri wa Kiepiskopali, na siyo kwa mtu mwingine yeyote?

Nikarudi kwenye kitabu cha sheria, na safari hii sikufungua Sura ya 39. Nilifungua ukurasa wa nyuma yake. Sura ya 38, ya mwaka uleule, bunge lilelile, inahusu nyumba za ibada za Waepiskopali wa Uskoti. Padri asiyekula kiapo cha utii kwa Mfalme George na kumtaja katika sala asiongoze ibada mbele ya watu watano au zaidi, mbali na wenye nyumba. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa makoloni maisha yake yote. Ziweke sheria hizo mbili kando kwa kando. Kwa kilti, miezi sita kisha miaka saba. Kwa sala, miezi sita kisha maisha. Kwa nini dola iliogopa sala kuliko nguo?

Jibu liko mwaka 1688. Mfalme James VII alikimbia, na William wa Orange akashika kiti. Maaskofu wa Uskoti walikuwa wamemwapia James. Wakakataa kuapa mara ya pili kwa mtu mwingine yeye akiwa hai. Mwaka 1689 bunge la Uskoti likauondoa uaskofu, na mwaka 1690 kanisa la Kipresbiteri likawa kanisa rasmi. Hao ndio maaskofu waliopotea machoni pa mzee wangu wa Kikuyu: hawakuondoka nchini, waliondolewa kwenye majengo. Ni haki pia kusema upande wa pili. Dola haikuota njozi, kwa kuwa wengi wa waumini hao walishika silaha kwa ajili ya uzao wa James mwaka 1715 na tena mwaka 1745. Lakini sheria haikuchagua kati ya aliyeshika upanga na aliyeshika kitabu cha sala. Basi watu wa kawaida, wavuvi na wakulima, walisali vipi?

Kule Stonehaven, bandari ndogo kusini mwa Aberdeen, bado limesimama jengo la zamani lililokuwa gereza. Majira ya baridi ya 1748 kuingia 1749 mapadri watatu wa Kiepiskopali walifungwa humo kwa kosa la Sura ya 38. Wenyeji husimulia kwamba wake wa wavuvi walitembea ufukweni na watoto wachanga ndani ya vikapu vya samaki, wakawainua hadi dirishani, na padri akawabatiza kupitia nondo. Kuna picha maarufu ya tukio hilo. Nikiwa nimeshaumwa na simulizi ya tartani, niliitazama picha tarehe yake kwanza: 1865. Zaidi ya karne nzima baadaye. Mchoraji hakuona kitu. Kifungo, hata hivyo, si cha mchoraji. Mapadri wanajulikana, gereza linajulikana, msimu unajulikana, na simulizi ya vikapu ni ya watu wa pwani hiyohiyo. Naikubali kama mapokeo ya wenyeji, na naiweka juu ya simulizi ya tartani, kwa sababu inaota kwenye udongo wa tukio lililothibitika. Ila bado tuko Uskoti. Marekani inaingiaje?

Inaingia kwa mlango wa nyuma. Machi 25, 1783, mapadri kumi wa Connecticut walikutana Woodbury, wakachagua wa kutafutiwa uaskofu. Makoloni yalikuwa yamejitenga na Uingereza, na hayakuwahi kuwa na askofu wake hata mmoja. Samuel Seabury akavuka bahari hadi London, akangoja zaidi ya mwaka. Sheria ya Uingereza ilimtaka kila askofu mpya aape utii kwa mfalme, na raia wa nchi mpya asingeweza. Ndipo akapanda kwenda Aberdeen. Simulizi tamu inayopendwa inasema Waskoti walimpokea kwa kupenda uhuru wa Marekani. Nilitaka sana iwe kweli. Lakini Seabury alikuwa mtu wa mfalme katika vita vile: aliandika vijitabu dhidi ya Kongresi na akawa kasisi wa kikosi kilichompigania Mfalme George. Na maaskofu waliompokea walikuwa warithi wa waliokataa kumwapia mfalme aliyekaa London. Hakuna mwanamapinduzi hata mmoja katika chumba kile. Ni nini basi kiliwakutanisha?

Tazama nyumba walimokutana. Novemba 14, 1784, katika chumba cha juu cha nyumba ya Askofu John Skinner, mtaa wa Long Acre, Aberdeen, maaskofu watatu, Robert Kilgour, Arthur Petrie na Skinner mwenyewe, walimwekea Seabury mikono. Kanisa lao halikuwa na jengo la wazi. Ghorofa za juu za makazi ya Skinner ndizo zilizokuwa kanisa. Na Skinner huyo alikuwa mtoto wa nani? Baba yake, padri wa Longside, alifungwa miezi sita katika gereza la Aberdeen mwaka 1753, kwa Sura ya 38, mwanawe akiwa na miaka kama tisa. Nilipoyaunganisha haya mawili niliweka kalamu chini. Mtoto wa mfungwa ndiye aliyefungua nyumba yake, kwa sababu alijua maana ya kusali bila ruhusa ya dola. Nyumba ile haipo tena; nilipoitafuta katika ramani ya mji nilikuta eneo lake limemezwa na majengo ya chuo. Kama nyumba imekwisha, kimebaki nini?

Imebaki sala. Siku iliyofuata, Novemba 15, walitia sahihi mapatano, na Seabury akaahidi kuipendekeza kwao ibada ya Ekaristi ya Waskoti. Ilikuwa na kitu ambacho kitabu cha Uingereza cha mwaka 1662 hakikuwa nacho: padri anamwomba Mungu amtume Roho Mtakatifu juu ya mkate na divai. Kitabu cha sala cha kwanza cha Waepiskopali wa Marekani, cha mwaka 1789, kikaichukua sala hiyo. Jumapili ile nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu, dakika ishirini baada ya zumari kunyamaza, na sikuuliza ilitoka wapi. Kwenye bendera ya kanisa hilo pia misalaba tisa midogo, ya dayosisi tisa za mwanzo, imepangwa kama msalaba wa Mtakatifu Andrea ili kuikumbuka Uskoti. Dai la pili, basi, linasimama, kwa sharti moja. Mwaka 1787, baada ya bunge la London kubadili sheria, Wamarekani wengine wawili waliwekewa mikono Lambeth, London, na mwaka 1792 njia hizo mbili ziliungana pale Seabury na wenzake watatu walipomweka wakfu askofu wa Maryland. Mtoto huyu ana wazazi wawili. Kwa nini amkumbuke mmoja kwa nguo tu?

Nilimwandikia padri wa parishi ile barua ya kurasa mbili. Sikumwomba auzime mfuko wa zumari wala avikunje vitambaa. Nimewaona wazee wakilia mbele ya vitambaa hivyo, na machozi yao si ya kuigiza. Niliomba kwamba karatasi ya ibada iseme mwaka 1941 bila aibu, na kwamba pembeni ya Sura ya 39 iandikwe Sura ya 38: mapadri wa Stonehaven, mfungwa wa Longside, kiganja kimoja cha nguo kutoka ufa wa mwamba. Mzee wa Kikuyu nilimpigia simu, nikamsomea yote. Akaniambia nimsomee tena ile sehemu ya vikapu vya samaki.

Marufuku ya tartani ilifutwa mwaka 1782. Sheria dhidi ya mapadri wa Kiepiskopali ilidumu hadi mwaka 1792. Seabury aliwekewa mikono katikati, mwaka 1784, wakati mtu yeyote aliweza kupita Long Acre amevaa kilti yake, na kwa mujibu wa sheria maaskofu watatu waliokuwa ghorofani hawakuruhusiwa kuwasalisha watu watano.